Sasa Bibi Anafunika Sufuria

Kumsema mke wa kaka ni haki ya wifi, na haki yangu sijawahi kuiachia. Huyu mwanamke nimemsema tangu siku alipoingia kwetu akiwa bibi harusi. Alitakiwa akae kimya, aangalie chini, aone haya kidogo kama wenzake. Yeye akainua uso, akamwuliza mama yetu kama yale mapazia ya sebuleni aliyanunua au aliyashona mwenyewe, na kama aliyashona, mbona upande mmoja umekuwa mfupi. Mama akayatazama mapazia yake ya miaka yote, mbele ya wageni, akaona kweli upande mmoja ni mfupi. Hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Siku ileile akampa jina la Chiriku, na jina likamganda mpaka leo.

Chiriku kwa kuongea hana breki. Mwulize saa ngapi, atakutajia saa, halafu atakueleza ile saa aliinunua wapi, nani alikuwa dukani siku hiyo, na yule aliyekuwa dukani aliachana na mumewe kwa kosa gani. Kaka yangu alikuwa fundi wa redio, mtu wa maneno ya kuhesabu. Watu walipomwuliza anavumilia vipi, alijibu kwamba kutwa nzima anashinda na redio zisizosema, kwa hiyo akirudi nyumbani anataka moja inayosema. Walipendana, siwezi kukataa. Watoto Mungu hakuwajalia, lakini nyumba yao ilikuwa na kelele kuliko yangu yenye watoto watano.

Sasa ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni: mtu huyu ndiye aliyepata kazi maktaba! Maktaba, mahali ambapo kila ukuta umeandikwa KIMYA kwa herufi kubwa. Walimweka kaunta ya mbele, agonge mihuri ya tarehe kwenye vitabu vinavyoazimwa. Msomaji anakuja na kitabu chake cha mapenzi, amekificha chini ya kwapa kwa heshima zake, Chiriku anagonga muhuri na kumwambia kwa sauti ya sokoni: "Huyu mwanamume wa humu usimwamini. Ukifika katikati utanikumbuka." Malalamiko yakaja ya aina mbili. Wengine walilalamikia kelele, wengine walilalamika kwamba wanaambiwa mwisho wa hadithi kabla hawajafika getini.

Ndipo wakampeleka stoo ya nyuma, kule kwenye vitabu vilivyochanika. Kazi yake ikawa kubandika migongo ya vitabu kwa gundi na kuvivisha majalada ya nailoni. Huko alikaa miaka mingi na makabati ya chuma. Alikuwa akitusimulia kwamba makabati yale ni wasikilizaji wazuri, ubaya wao ni mmoja tu, hayacheki.

Aliyekuwa akisimamia chumba cha watoto alipostaafu, hakuna mfanyakazi aliyekitaka. Chumba chenyewe kiko mwisho wa korido, mlango wake mnene, ukipiga kelele humo hazifiki mbele. Mkuu wa maktaba, mwanamume mpole anayevaa viatu vya soli ya mpira ili asijisumbue hata yeye mwenyewe, akaona hapo amepata pa kumtupa Chiriku. Hakujua kwamba anamtupa samaki majini.

Kila Jumamosi asubuhi ikawa saa ya hadithi. Watoto ambao bado hawajajua kusoma, wa miaka mitatu, minne, mitano, wanavua viatu mlangoni na kukaa kwenye mkeka. Wazazi tunakaa kwenye mabenchi ukutani. Yeye anakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamemfika kidevuni, kitabu kakishika kwa mkono mmoja kikiwaelekea wao, anasoma kwa pembeni shingo imepinda, na kidole cha mkono wa pili kinatembea chini ya maneno ili watoto waone sauti inatoka wapi. Kiboko akilia hadithini, Chiriku analia kiboko kweli kweli, mpaka mlinzi wa getini anainuka kitini. Watoto wakaanza kumwita Bibi Chiriku. Hilo jina mama yetu alilitoa kwa hasira, na wao walilitamka kama wanalamba asali.

Mimi nilikuwa nampeleka mjukuu wangu, tunayemwita Pilipili kwa sababu utamjua ukimgusa. Mama yake huenda kazini Jumamosi, na magoti yangu hayawezi tena kumkimbiza mtoto uwanjani. Kaka yangu wakati huo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, miaka mitatu ilikuwa imepita. Mjane wake alikaa nyumba tatu kutoka kwangu. Sikuwa na ubaya naye. Tulionana Jumamosi, tukataniana, tukaachana pale njia panda, kila mtu na kwake.

Siku moja likaja agizo kutoka juu. Likasema saa ya hadithi isiwe ya watoto peke yao, wazazi nao wapewe maneno mawili matatu ya namna ya kumwandaa mtoto nyumbani, ili siku akikutana na herufi asizione kama maadui. Chiriku akapewa karatasi ya kusoma. Akaisoma yote, kwa utulivu ambao sikujua anao. Pembeni yangu fundi cherehani alikuwa anapiga miayo, mama mwenye mtoto wa kiume mmoja na wateja wasiokwisha. Upande wa pili kinyozi alikuwa anasukuma kidole kwenye simu yake. Mimi nilifumba macho ili nisikilize vizuri.

Tulipotoka akanishika mkono mlangoni. "Wifi, hebu niambie, nimesema nini mle ndani?"

"Umesema watoto ni muhimu," nikajibu.

"Sikusema hivyo."

"Basi umesema si muhimu. Wifi, niache nikapike."

Hakucheka. Alisimama pale na karatasi yake, viatu vya watoto vimemzunguka miguuni, nikaona kichwa kinafanya kazi. Jumamosi iliyofuata alikuja na jambo lake. Alisema mtu mzima ukimpa neno analitia mfukoni, na mfuko wenyewe una tundu, lakini mtoto ukimpa neno analala nalo. Kwa hiyo ushauri wa wazazi angeupitisha kwa watoto. Katikati ya hadithi alifunga kitabu na kuwauliza, "Nani mkumbushaji wangu wiki hii?" Mkeka mzima ukapiga kelele, "Mimi!" Mle ndani hakukuwa na hata mtoto mmoja aliyekataa cheo.

Neno la kwanza lilikuwa jepesi. Mzazi amwache mtoto afunue kurasa mwenyewe, hata akiruka mbili, hata akishika kitabu kichwa chini. Nikaona si neno. Nilipofika nyumbani nikafungua gazeti la jana, na Pilipili akapanda mapajani akanikumbusha wajibu wangu. Wiki nzima nilisoma nusu za habari. Kuna mtu alikamatwa na nusu ya ng'ombe, mpaka leo sijui nusu nyingine ilikuwa ya nani.

Neno la pili: mwulize mtoto swali, halafu nyamaza, umsubiri. Usimjibie, usimharakishe, usimtilie maneno mdomoni, maana anayatafuta, na anayetafuta hapigiwi kelele. Chiriku akawafundisha na namna ya kusubiri: mikono magotini, mdomo umefungwa, macho kwa anayeulizwa. Sisi tulielewa kwamba wazazi ndio watakaouliza. Watoto walielewa vingine. Pilipili alinikalisha jioni, akaweka mikono magotini.

"Bibi, kwa nini kidevuni una ndevu moja?"

Halafu akasubiri. Jamani! Nimewahi kusimama mbele ya hakimu kwa kesi ya mpaka wa shamba, na hakimu yule hakunitazama namna ile. Nikamwambia aende akacheze, hakwenda. Nikasema sijui, akaendelea kusubiri. Mwisho nikakiri kwamba ndevu ni ya uzee na kwamba huwa naing'oa, hurudi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuondoka zake.

Lakini moto wenyewe uliwashwa na neno la tatu. Chiriku alisimama kabisa siku hiyo, akatugeukia sisi wa mabenchi. Alisema maneno huingia kwa sikio kabla hayajaingia kwa jicho. Mtoto aliyesikia nyumbani kwake "namenya", "nachuja", "nafikicha", siku akiyakuta kitabuni atayapokea kama jamaa zake. Kwa hiyo mzazi unapofanya kazi, sema kwa sauti unachofanya. Sasa nakata kitunguu. Sasa nachemsha maji. Hakuna gharama, hakuna kitabu cha kununua, mdomo tu.

"Na mzazi akisahau?" akawauliza watoto.

"Tumkumbushe!"

"Na akisahau tena?"

Watoto wakamtazama, hawajui. Hapo alitakiwa anyamaze, lakini Chiriku lini alinyamaza? Akasema, "Basi, mseme ninyi badala yake."

Kikulacho ki nguoni mwako. Kufikia Jumatatu kinyozi alikuwa amelia. Alikuwa anamnyoa mteja wa heshima, mwanawe kakaa kwenye kiti cha kusubiria, miguu inaning'inia, anafanya kazi aliyopewa: "Sasa baba ananyoa nyuma. Sasa baba ananyoa pembeni. Sasa baba amemkata mjomba sikio. Kidogo tu. Sasa baba anapaka poda mjomba asione." Mjomba akaona.

Kwa fundi cherehani yakawa makubwa zaidi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na siri ya fundi anaijua anayecheza chini ya meza. Binti mmoja alikuwa amepeleka kitambaa chake cha sherehe, kizuri, cha bei, na amesimama palepale kuangalia kinavyokatwa. Mtoto akatangaza kutoka chini: "Sasa mama anakata kitambaa cha dada. Sasa mama anakunja kilichobaki. Sasa mama anakificha kwenye kikapu chake. Sasa mama ananifinya."

Nilicheka habari hizo mpaka mbavu zikauma, kwa sababu zamu yangu ilikuwa haijafika. Ilifika siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimepika nyama, nyama ya kutosha mimi na wangu, nikamwona dirishani mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama anakuja. Mwanamke mzuri, msema kweli, mchapakazi, ila pua yake inajua kila jiko la mtaani. Nikafanya wanavyofanya watu wote. Akaingia, tukasalimiana, nikamkaribisha kiti, na Pilipili kutoka jikoni, kwa sauti safi ya kengele:

"Sasa bibi anafunika sufuria. Sasa bibi anaisukuma chini ya meza. Sasa bibi anasema leo hatujapika."

Na mimi kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema leo hatujapika! Yule mtoto alikuwa mbele yangu kwa neno moja. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenyekiti akasema, "Mtoto ana akili sana huyu, Mungu amkuze," akaaga bila kunywa hata maji. Mkutano uliofuata wa kikundi kila mwanamke alinisalimia kwa kuniuliza kama nimekula.

Basi wazazi wakakutana kwenye kibanda cha kinyozi, wakakubaliana kwenda kwa Mkuu wa maktaba. Waliniomba niwaongoze kwa kuwa mimi ni mtu mzima na nimeumizwa. Nikawaambia wifi hampeleki wifi kwa wakubwa, wifi humsema nyumbani. Walikwenda bila mimi. Fundi ndiye aliyetangulia, na kwa hasira aliyokuwa nayo nadhani hakubisha hodi.

Jioni ile Chiriku akaja kwangu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Akanieleza kwa kifupi kwamba Jumamosi Mkuu atakuja mwenyewe kukaa benchi. Asome hadithi tu. Ushauri marufuku, mkumbushaji marufuku, kusema unachofanya marufuku. Mzazi hata mmoja akilalamika tena, saa ya hadithi imekufa na yeye anarudi stoo.

"Wifi, wakinirudisha stoo sitaweza," akasema.

Nikangoja yanayofuata. Kwa kawaida sentensi ya Chiriku ina mkia, na mkia una watoto. Hayakufuata. Alisimama tu anavuta uzi kwenye mkono wa sweta yake. Nikaogopa, nikisema kweli, niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kumwona analia.

"Sikiliza," nikamwambia. "Jumamosi moja tu. Soma, funga kitabu, wape viatu vyao waende. Hata mimi naweza kunyamaza Jumamosi moja."

"Wewe?" akasema, na hapo akatabasamu kidogo.

Jumamosi ikafika. Chumba kilijaa, maana watu wanapenda kuona mwenzao akihukumiwa, hata wale waliomshtaki kwa shingo upande. Mkuu alikaa benchi la mwisho, magoti yamebanwa, tai imefika chini ya mkanda. Fundi cherehani alimweka mwanawe ukingoni mwa mkeka, karibu naye, mkono wake ukiwa tayari kuziba mdomo. Kinyozi naye vilevile. Mimi nilimwonya Pilipili tangu asubuhi, nikamwahidi na kumtisha, vyote viwili, nikijua havitafaa.

Chiriku akasoma. Ilikuwa hadithi ya kiboko aliyenunua viatu vinne na kimoja kikapotea, hadithi ambayo watoto waliijua na kuipenda. Aliisoma kama mtu anayesoma bili ya umeme. Kiboko hakulia. Kidole hakikutembea. Kiatu kilipopatikana hakuna aliyeshangilia, maana msomaji mwenyewe alikuwa ameshafunua ukurasa. Watoto wakatazamana. Nikamwona mmoja anachungulia nyuma ya kitabu, kama vile Bibi Chiriku wao amejificha huko.

Akafunga kitabu. "Haya, watoto, tumemaliza. Viatu."

Hakuna aliyesimama. Halafu akasimama mmoja, na sina haja ya kukwambia ni nani.

"Bibi Chiriku, hujatuambia neno la kuwakumbusha."

"Leo hakuna neno, mjukuu wangu."

"Kwa nini?" Na Pilipili akakaa chini, akaweka mikono magotini, akafunga mdomo.

Mkeka mzima ukaweka mikono magotini.

Nimekaa misibani, nimekaa mahospitalini, lakini kimya kama kile sijakiona. Watoto wadogo chumba kizima, hakuna anayejikuna, macho yote kwa mtu mmoja, na hawana haraka. Waliambiwa anayetafuta neno hapigiwi kelele, na wao hawakupiga. Chiriku akatazama dari, akatazama dirisha, akamtazama Mkuu.

"Nimeambiwa nisiseme," akasema mwisho.

"Nani amekwambia?" akauliza mtoto wa kinyozi. Wakasubiri.

Mkuu akakohoa. Nadhani alitaka kusubiri zaidi yao, lakini hakuna mtu mzima anayeweza. "Ni mimi," akasema.

Mkeka ukageuka wote kwa pamoja, ukamwelekea yeye. "Kwa nini?"

"Kuna... kuna wazazi ambao hawakufurahi."

"Wazazi gani?"

Nikaona jasho linamtoka fundi cherehani, na chumba chenyewe kilikuwa na ubaridi. Mkono wake uliokuwa tayari kuziba mdomo ulikuwa umerudi mapajani. Mwanawe alimgeukia polepole, mikono magotini.

"Mama, ni wewe?"

Fundi akafungua mkoba, akaufunga. "Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulinisema kwa mteja!"

"Nilisema uongo?"

Hapo akasubiriwa na chumba kizima, sisi wa mabenchi tukiwemo, maana hata sisi tulitaka kujua atajibu nini. Kabla hajajibu, kinyozi akaruka kutoka kwenye benchi lake, hajaulizwa na mtu, akapaza sauti: "Sikio lilikuwa kidogo tu! Lilipona!"

Tukaangua kicheko. Mkuu mwenyewe alicheka ndani ya tai yake. Fundi alicheka huku anajifuta uso, akasema, "Hapana mwanangu, hukusema uongo. Lakini sisi hatukutaka huyu dada arudishwe stoo. Tulitaka anyamaze kidogo tu." Nikadhani mambo yamekwisha, nikaanza kutafuta viatu vya Pilipili kwa macho. Yeye bado alikuwa ameweka mikono magotini, na sasa alikuwa amemgeukia Chiriku.

"Bibi Chiriku, stoo kuna nini?"

"Kuna vitabu vilivyochanika."

"Na watu?"

"Hakuna watu."

"Sasa unaongea na nani?"

Chiriku akafungua mdomo. Mimi nimemjua mwanamke huyu tangu ana kiuno, na sijawahi kuuona mdomo wake ukifunguka bila kutoa kitu. Ulifunguka, ukabaki hivyo. Nikataka kumsaidia, nikataka kusema utani wowote, lakini watoto walikuwa wanasubiri na hakuna mtu aliyethubutu kumtilia maneno.

"Siongei na mtu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, tulilazimika kuinama mbele. "Hata nyumbani siongei na mtu. Nyumbani hakuna mtu. Naongea na ninyi, halafu nangoja Jumamosi."

Niliona haya. Ile haya ya sufuria ilikuwa mchezo wa watoto. Nyumba tatu, jamani! Nyumba tatu tu, na mimi kila jioni nilikuwa nakaa barazani kwangu nikilalamika kwamba mjukuu ananiuliza maswali mengi.

"Sasa Bibi Chiriku analia," akasema mtoto wa fundi, na safari hii hakuna aliyemfinya.

Kisha, kwa kuwa kazi ni kazi, akamgeukia Mkuu. "Na wewe sasa unafanya nini?"

Wakamsubiri. Mkuu akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. "Nafikiri," akasema.

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri saa ya hadithi iendelee," akasema, "na nafikiri nimeulizwa maswali ya kunitosha mwaka mzima." Watoto wakapiga makofi, hawakungoja amalize. Akainua mkono. "Na ule ushauri uendelee pia. Ila lile la kusema kila kitu kwa sauti liwe la jikoni tu. Lisifike mahali pa biashara."

"Jikoni ndiyo kabisa hapana!" nikapiga kelele. Sikujua kama nitapiga kelele. Wazazi wote wakanigeukia, na fundi cherehani alicheka mpaka akaomba benchi limshike, maana habari ya sufuria yangu ilikuwa imeshafika hata kwake.

Walipokwisha kuvaa viatu tulitembea pamoja kama kawaida, Chiriku, mimi, na Pilipili katikati. Chiriku alikuwa amepata sauti yake. Alinieleza Mkuu alivyokohoa, kana kwamba mimi sikuwepo. Tukafika njia panda, tukaagana, akaenda kwake, nikaenda kwangu. Miguu imezoea.

Jua lilipopunguza ukali nilimwacha Pilipili na mama yake aliyerudi kazini, nikajifunga mtandio, nikatoka. Nyumba tatu. Nikabisha hodi. Chiriku akafungua mlango, akaniona nimesimama peke yangu, mikono mitupu, siku isiyo na sikukuu, na uso ukambadilika. Akanishika mkono.

"Wifi, kuna msiba? Nani amekufa?"

Aliuliza kwa haki. Mara zote nilizokuja pale tangu tumzike kaka, kulikuwa na msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Nimekuja kukaa."

Alinitazama muda mrefu, mkono wake bado kwenye mkono wangu, akijaribu kuona kama namtania. Halafu akanivuta ndani, akavuta kiti, akakifuta, akavuta kingine akakifuta pia, na alipokuwa bado amesimama na kitambaa mkononi akaanza. Alianza na jirani wa nyuma, akaingia kwa binti wa jirani, akatoka akaenda dukani, akarudi, akapita kwa mwenye duka na ugomvi wake na shemeji yake, ambao chanzo chake, wifi, hutaamini, ni mbuzi. Chai ilipoa kwenye kikombe changu. Nje kukaanza giza. Alipofika kwenye yule mbuzi akanyamaza ghafla, akaniuliza kama nimechoka, kama nataka kwenda.

Nikamwambia aendelee.